Kisomo Kisichosomwa

Mtu ninayetaka kueleza habari zake hapa hakuwahi kumpiga mtu hata kofi, na bado mtaa mzima wa Langoni, mjini Lamu, ulimwogopa. Hakuwa askari, hakuwa tajiri, wala hakuwa na kifua cha kutishia watu. Alikuwa maalim wa chuo, mfupi, mwembamba, mwenye ndevu chache na sauti laini iliyokulazimu umwinamie ndipo umsikie. Mimi nilisoma Kurani kwake tangu alifu mpaka nikahitimu, na hata nilipokuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya serikali mwenye suruali na kalamu mfukoni, niliendelea kumbusu mkono kila nilipokutana naye njiani. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Ukisema Maalim katika Langoni ya miaka ile ya sitini, hakuna aliyekuuliza yupi.

Kilichoogopwa kwake ni halbadiri. Kwa asiyeijua, hiki ni kisomo cha majina ya watu wa vita vya Badri, anachosomewa mtu aliyedhulumu asijulikane. Aliyeibiwa humwendea maalim, maalim hutangaza, na kama kitu hakikurudi kisomo husomwa, na aliyekichukua hupatwa: tumbo kuvimba, macho kupofuka, akili kuruka, au mauti. Wako wanavyuoni wanaosema jambo hili halina msingi, na wako wanaosema lina msingi mkubwa. Mimi si mwanachuoni na ugomvi wao siuingilii. Nasema tu kwamba sisi tuliiamini, na yeye aliiamini kutushinda sote.

Namna yake ya kutangaza ilikuwa fupi mno. Baada ya sala ya Ijumaa alisimama mlangoni mwa msikiti, watu wakivaa viatu, akasema kwa Kiamu chake, "Birika la bibi fulani limetoka nyumbani kwake. Ijumaa iyayo nitasoma." Basi. Hakukunja uso, hakunyoosha kidole. Watu walikuwa wakienda zao wakitazama chini, hata wale ambao katika maisha yao hawajachukua punje ya mchele isiyo yao.

Na vitu vilirudi! Nakumbuka lile birika hasa, kwa sababu lilitangazwa moja yakarudi matatu. Yalikutwa alfajiri yamepangwa kizingitini kwa mwenyewe, moja lake na mawili ambayo hakuna aliyejua yametoka wapi, na mwenyewe akabaki akilalamika kwamba sasa majirani watamwona yeye ndiye mwizi wa mabirika. Kuku walirudi, kanga zilirudi, kamba ya mashua ilirudi ikiwa imeoshwa. Mfanyabiashara mmoja alileta makufuli kutoka Mombasa, akakaa nayo dukani mwaka mzima yakishika kutu, akawa akimwona Maalim anapita anasema kwa sauti, "Huyu mzee ananifilisi." Maalim alikuwa akicheka mpaka kilemba kinamlegea.

Maana alikuwa mtu wa kucheka, hilo lazima niliseme, watu waliomjua kwa sifa tu hawalijui. Alikuwa pia mwoga wa ajabu. Sindano ya hospitali ilimtia homa kuliko homa iliyompeleka hospitali. Kuku wake mwenyewe hakuweza kumchinja. Alimtia kwapani akazunguka naye mtaa mzima akitafuta wa kumchinjia, akimwomba radhi njiani, na wakati mwingine akarudi naye mzima, mkewe akapika maharagwe. Chuoni alitundika mkwaju wa kuchapia ukutani, mrefu, mweusi, na katika miaka yangu yote sikuona umeshuka. Utando wa buibui ulikuwa umeufunga kwenye msumari. Lakini mtoto akipotea katika sura, Maalim aliutazama mkwaju, hakumtazama mtoto, na mtoto akapata njia mwenyewe.

Kitu cha pili alichokipenda baada ya kitabu chake ni redio. Alikuwa na redio ya betri aliyoletewa na jamaa yake baharia, akaivisha kitambaa alichokishona mwenyewe, na kila siku baada ya alasiri aliiweka barazani na sisi tukakaa kusikiliza. Mwenzangu katika baraza ile alikuwa Bwana Kilonzo. Huyu alikuwa mwalimu wa sayansi shuleni kwetu, Mkristo, mtu wa bara, aliyehamishiwa Lamu na serikali akaja na mkewe na sanduku la vitabu. Alipanga chumba cha juu kwa Bi Mwanaisha, mjane aliyekuwa akishona nguo za watu kwa cherehani. Siku za kwanza Kilonzo hakujua aketi wapi wala avue viatu wapi. Maalim ndiye aliyemwita barazani, akamwambia, "Wewe wayuwa mambo ya moto na umeme. Ndoo hapa utufasirie hii redio."

Na redio siku zile ilikuwa haina habari nyingine. Mara Wafaransa wamelipua bomu lao jangwani Sahara, mara Warusi wamelipua kubwa zaidi, mara Wamarekani. Kilonzo alitufasiria kadiri alivyoweza. Alichora mchangani, akatueleza kitu kidogo kisichoonekana kinavyopasuliwa kikapasua chenzake. Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Maalim peke yake ndiye aliyeuliza maswali, na hayakuwa maswali ya sayansi.

"Sasa wao kwa wao," aliuliza, "Mrusi analo na Mmarekani analo?"

"Ndiyo, Maalim."

"Na kila mmoya ayuwa kwamba mwenzake analo?"

"Anajua sana."

"Basi hapatakuwa na vita. Hawa ni watu wazima. Kitu kama hiki hakitumiwi. Hukaa. Kukaa kwake ndiyo kazi yake." Akatugeukia sisi wa Langoni. "Si kama kisomo changu? Ni nani aliyelala na kuku wa mwenzake mpaka Ijumaa?"

Baraza ikacheka, ikakubali. Kilonzo hakucheka. Alisema kwamba katika chuo cha ualimu walionyeshwa picha za miji miwili ya Japani, na kwamba huko bomu halikukaa, lilitumiwa. Alisema mahali pengine kilibaki kivuli tu cha mtu, ukutani, mwenyewe hayupo.

Maalim aliondoa mkono kwenye redio. "Huyo wa ukutani alikuwa askari?"

"Huenda alikuwa anakwenda sokoni."

"Bomu lile, layuwa ni nani limtakaye?"

"Halijui kitu, Maalim. Linaua kila aliyeko. Wazee, watoto wachanga, wagonjwa kitandani."

Nilimwona jinsi jibu lile lilivyomkaa. Yeye alikuwa akidhani muda wote kwamba kitu chenye nguvu namna ile lazima kiwe na macho, kama alivyoamini kisomo chake kina macho, kikaingia katika mji wa watu elfu na kumshika mmoja aliyekosa. Lakini hakuwa mtu wa kuacha hoja yake barazani. Alisema tu, "Ndiyo maana halitatumiwa tena," akafungua redio kwa sauti.

Mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru tukasikia kwamba Warusi wamepeleka makombora katika kisiwa kimoja karibu na Amerika, na kwamba meli zao nyingine zimo njiani na Wamarekani wamezifungia njia. Sisi watu wa kisiwa tuliuliza kwanza, watu wa kisiwa kile wanasemaje? Redio haikusema. Zile siku baraza ilijaa mpaka watu wakakaa katikati ya njia, punda wakakosa pa kupita. Kilonzo alikuwa hali chakula. Aliniambia shuleni kwamba amemwandikia mama yake barua ya kuagana, kisha akaona haya akaichana. Maalim alikuwa mtulivu kama aliyeletewa habari za mwisho mapema. "Watarudi," alikuwa akisema. "Ijumaa haiyafika." Na meli zikarudi kweli. Maalim akatuma halua, akamlisha Kilonzo kipande kwa mkono wake.

"Waona, Bwana Kilonzo? Hofu imefanya kazi."

"Imefanya, Maalim, nashukuru. Lakini siku mmoja wao akikataa kurudi? Yule mwingine atafanya nini?"

"Hatakataa."

"Akikataa?"

Maalim akalamba vidole vya halua, akatabasamu, akasema wakati wa sala umekaribia. Haukuwa umekaribia.

Nimesema wengi walirudisha. Sasa niseme habari ya asiyerudisha.

Mwaka uliofuata uhuru, cherehani ya Bi Mwanaisha iliibwa mchana kweupe, yeye akiwa mazikoni. Mashine ile ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba ile. Alilia kama aliyefiwa mara ya pili, kisha akajifunga buibui akaenda kwa Maalim. Ijumaa ikatangazwa. Tukangoja. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, kizingiti cha Bi Mwanaisha kitupu. Alhamisi watu wakaanza kutazamana. Katika umri wangu halijawahi kutokea. Ijumaa Maalim akasimama tena mlangoni akasema, "Nampa wiki moya zaidi," akaondoka kabla watu hawajamaliza kuvaa viatu.

Wiki ile ya pili ndiyo iliyoleta maneno. Nani asiyeogopa halbadiri? Mtu asiyeiamini. Nani Langoni asiyeiamini? Na nani anakaa juu ya chumba cha mashine, anapanda na kushuka kila siku? Hakuna aliyelitaja jina la Kilonzo kwa sauti, lakini mwenye duka aliacha kumkopesha sukari na wanawake wakaacha kumwitikia mkewe kisimani. Nitasema na langu, nisije nikajifanya malaika. Siku moja nzima nami nilimshuku. Tulisahihisha madaftari meza moja, nikawa natazama mikono yake. Mpaka leo naona haya nikikumbuka mikono ile yenye chaki.

Siku zile zile binti yake mchanga, wa mwaka mmoja, alishikwa na homa.

Jumatano baada ya alasiri nilikuwa ndani kwa Maalim, hakufungua redio. Kilonzo akapiga hodi akaingia. Hakuketi.

"Maalim, nimekuja kukuomba usome."

"Nimsomee mtoto dua? Hata sasa hivi."

"Hapana. Soma hiyo halbadiri. Isome Ijumaa, mbele ya watu wote. Mimi sikuichukua mashine ya Bi Mwanaisha. Ukisoma haitanipata, na watanyamaza. Usiposoma watasema umenihurumia kwa kuwa nakaa barazani kwako."

Maalim akauliza, "Mwanao yu hali gani?"

"Homa haijashuka. Leo siku ya tatu. Amechomwa sindano hospitali, wamesema tungoje."

"Nikisoma Ijumaa, na homa ikazidi Jumamosi, mui huu wa Lamu utasema nini?"

Kilonzo akageuza uso kuelekea nyumbani kwao.

"Hautasema ni homa," Maalim akasema. "Utasema imempata. Na akifa, Mungu apishe mbali, wewe utakuwa mwizi mpaka kiyama, na mwanao atakuwa ushahidi."

Hapo ndipo alipotueleza, akitazama mkeka. Alisema kwamba zamani, ndevu zake zikiwa nyeusi, nyumba moja kubwa ya mtaa wa Mkomani ilipotelewa na kidani cha dhahabu cha bibi harusi. Alitangaza, hakikurudi, akasoma. Haukuisha mwezi, fundi aliyekuwa akipaka chokaa nyumba ile akavimba tumbo akafa. Mji ukasema haki imetendeka. Maziko yake yalikuwa na watu wanne. Binti yake mmoja akaachwa na mumewe, kwa kuwa nani anataka damu ya mwizi? Na yeye Maalim akabusiwa mikono kuliko siku zote.

"Kisha miaka mingi ikapita," alisema, "wakabomoa ukuta wautengeneze. Kulikuwa na kidaka, kile kishubaka cha kuwekea zombo, kina ufa nyuma. Kidani kilikuwa kimeangukia humo ndani. Hakikwibwa na mtu. Wenyewe wakaniiya kwa mlango wa nyuma, wakanambia, Maalim, tusitiri. Nami nikawasitiri. Nikajisitiri mwenyewe. Tangu siku ile sijasoma tena."

"Lakini umetangaza," nikasema. "Birika, kuku…"

"Nimetangaza."

Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na zaidi chini ya kivuli cha kisomo kile, na kumbe kilikuwa hakisomwi. Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha. Kilonzo ndiye aliyesema, taratibu, "Basi endelea hivyo hivyo. Mpe wiki nyingine. Usiseme kitu."

"Na wewe? Wiki nyingine wewe utaishi vipi katika mtaa huu?"

Ijumaa ile msikiti ulifurika. Walikuja watu wa Mkomani ambao husali kwao, walikuja hata wasiosali. Wote walitaka kusikia kisomo kikisomwa. Maalim alisimama, si mlangoni mara hii, ndani, akashika nguzo. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu yalikuwa machache.

"Mashine ya Bi Mwanaisha haikurudi. Nilisema leo nitasoma. Sisomi. Sitasoma tena, na miaka yote hii sikuwa nikisoma, nilikuwa nikiwatisha. Nilisoma mara moya. Mlizika mtu mkamwita mwizi kwa kisomo changu. Hakuwa mwizi. Kidani kilionekana ukutani, nami nikayuwa, nikanyamaza." Akalitaja jina la yule fundi, jina lake na la baba yake, wazi, mara tatu. "Namwomba radhi yeye na wanawe. Na Bwana Kilonzo ni mgeni wetu na hana hatia. Aliye na mashine amenishinda. Akiirudisha, airudishe kwa kumcha Mungu."

Kisha mzee mmoja wa mbele, rafiki yake wa utotoni, akasema kwa uchungu, "Umetuvua nguo, Maalim. Ungenyamaza tu. Nani alikuuliza?"

Mzee yule hakukosea. Mashine haikurudi, na mpaka leo hatumjui aliyeichukua. Makufuli yakaisha dukani kwa siku nne, yakaletwa mengine. Kuku wakaanza kupotea wasirudi, na kila aliyepotelewa alipita mbele ya chuo akasema lake. Bi Mwanaisha alirudi kwenye sindano ya mkono, macho yakamharibika upesi, na hakumsamehe Maalim mpaka mmoja wao alipokufa. Alikuwa na haki yake. Wazazi waliondoa watoto wao chuoni mmoja mmoja, wakasema maalim mwenye kukiri uongo msikitini atafundisha nini? Waliobaki ni watoto wa maskini ambao hawakuwa na pa kuwapeleka. Yule binti wa fundi, aliyekuwa sasa mwanamke wa makamo, alituma mtu kusema kwamba amesikia. Hakutuma zaidi ya hapo. Maalim alishukuru kwa hilo kama aliyepewa shamba.

Mtoto wa Kilonzo alipona. Homa ilishuka Jumamosi, siku ile ile ambayo ingemfanya baba yake mwizi au asiye mwizi. Sijui niseme nini juu ya hilo, nami nimelifikiria miaka mingi.

Redio ilirudi barazani baada ya muda, lakini sasa tulikuwa watatu tu. Wachina nao walikuwa wamelipua lao. Jambo la ajabu, Kilonzo ndiye aliyebadilika akawa upande wa hofu. Alimpenda mzee, aliumia kumwona anadharauliwa, na siku moja akamwambia, "Maalim, nilikosea kubishana nawe. Kitisho chako kilikuwa kinalinda watu na hakimuumizi mtu. Uongo mdogo kwa amani ya mtaa mzima. Na hata hao wakubwa, angalia, wametishana na vita haijaja."

Maalim akazima redio kabisa, jambo ambalo hakulifanya katikati ya habari.

"Kila Ijumaa nilisema nitasoma," alisema. "Na moyo wangu ulisema nini? Kama haukunuia, mimi ni mwongo ndani ya nyumba ya Mungu. Na kama umenuia, basi nilikuwa tayari kumuua mtoto wa mtu kwa ajili ya birika. Chagua moya, Bwana Kilonzo. Mimi nimetafuta la tatu sikuliona."

"Lakini usingesoma."

"Zile wiki mbili za mashine, walipokuwa wakinitazama wote, wayuwa nilivyokaribia? Nilikifungua kitabu. Nilikuwa na hasira na mwizi yule kwa kuwa hakuniogopa. Kwa ajili hiyo tu. Na hao wenye mabomu, wao hawana hasira?"

Nikiri kwamba sikukubaliana naye moja kwa moja siku ile. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimenunua kufuli. Nilijua idadi ya usiku ambao mji ulilala salama kwa sababu ya sauti yake ile ndogo, na niliona hesabu yake ni kali mno kwa binadamu. Lakini kila ninapokumbuka watu niliowaona wakubwa katika maisha yangu, yeye hunijia mbele yao wote, akiwa ameshika nguzo ya msikiti, mtu aliyeogopa sindano.

Nilihamishiwa Malindi, Kilonzo akarudishwa bara. Miaka ya sitini ilikuwa inamalizika nilipopata likizo nikaja Lamu, na asubuhi ya pili nikaenda kwa Maalim. Nilimkuta barazani, amekonda, macho, au mato kama alivyoyaita mwenyewe, yamefanya ukungu. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Nilimbusu mkono, akanishika uso kunitambua.

Aliuliza habari za dunia kabla ya habari za watoto wangu. Nikamwambia kwamba mataifa yanawekeana mkataba: wasio na bomu wanaahidi hawatalitafuta.

"Na walio nalo?"

"Wamesema watazungumza habari ya kupunguza. Kwa sasa wanabaki nalo."

Akacheka, kile kicheko chake. "Yaani mimi nizunguke kwa maalim wote wa nti hii niwaapishe wasisome, nami kitabu nimekikalia!"

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea mwanamke kijana, kanga imemlegea begani kwa haraka. Alikuwa mpishi wa harusi. Usiku uliopita alikuwa ameacha sufuria lake kubwa la pilau uani, asubuhi halipo, na kesho ana harusi ya watu mia mbili. Lile sufuria ndilo kazi yake yote. Alipiga magoti mbele ya Maalim.

"Maalim, nisomee halbadiri."

"Sisomi, mwanangu. Wayuwa."

"Nayuwa. Basi usisome. Sema tu kwamba utasoma. Ukisema, litarudi leo hii hii, wako wanaoogopa bado. Neno moya tu, Maalim, lakugharimu nini?"

Nilimtazama mzee. Nasema kweli, nilitamani aseme. Mwanamke alikuwa analia machozi ya haki, na neno lenyewe lilikuwa dogo.

"Siwezi," akasema Maalim.

Mwanamke akasimama. "Basi wewe mzee una faida gani?" alimpigia kelele usoni, njia nzima ikisikia. "Wakaa hapa wajisafisha moyo wako, na sisi twaibiwa! Huna haya!" Mimi nikainuka kumkemea, Maalim akanivuta shati nikae.

"Sufuria lenyewe likoye?" alimuuliza. "Lina alama?"

Mwanamke alishangaa, akajifuta uso kwa kanga. Akasema lina mkono mmoja uliovunjika ukafungwa waya.

Maalim akatafuta bakora yake kwa kupapasa, akainuka, akaniwekea mkono begani. Tukaenda sote watatu. Tulianza mtaa wa nyuma ya soko, nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyepiga hodi, yeye ndiye aliyesema, na kila mlango alisema maneno yale yale: kwamba dada huyu ana harusi kesho, kwamba sufuria lake lina mkono wa waya, kwamba aliyeliona amsaidie, tafadhali. Hakusema Ijumaa. Wengine walisema hawajaliona, mmoja alisema atauliza wanawe, mwingine alitufungia mlango kabla hajamaliza. Yule mpishi alikuwa anatembea nyuma yetu, na baada ya nyumba ya nne akaja upande wa pili akamshika mzee mkono, maana mawe ya njia yalikuwa mabaya.

Mpaka adhuhuri hatukuwa tumelipata. Mwanamke mmoja alikuwa ameahidi kumwazima mpishi lake, dogo kidogo. Jua lilikuwa kali na Maalim alikuwa anahema. Nikamwambia apumzike, na kwa kuwa nilikuwa nimeudhika kwa ajili yake, nikaongeza, "Maalim, ungelisema lile neno, sufuria lingekuwa kizingitini kwake sasa hivi."

"Lingekuwa," akasema.

Tukasimama kidogo kivulini.

"Lingerudi sufuria," akasema, "na mimi ningerudi kuwa yule wa Ijumaa."

Kisha akauliza mlango unaofuata uko wapi, nikampeleka, akagonga, akapiga hodi, akangoja kuitikiwa.